Kwa Nini Tunaamini Tunachoamini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye vikao vya majadiliano tunavyofanya na vijana, wazazi na walimu wa mitaa ya Eastlands, Nairobi. Wanakuja Wakristo wa kila aina, Waislamu, na wachache wasiofuata dini yoyote. Maswali ni yao, majibu ni yangu. Sina nia ya kumtoa mtu kwenye dini yake. Ninaandika kwa sababu nimeona watu ninaowapenda wakipoteza pesa, afya na hata jamaa kwa ajili ya jambo ambalo hawakuwahi kuuliza lilitoka wapi.

Tukisema imani, tunazungumzia dini?

Si dini peke yake. Hapa imani ni jambo lolote unalolichukua kuwa kweli kiasi cha kulitendea kazi. Ukipanda namba 58 unaamini itakufikisha Buruburu. Ukimkabidhi mweka hazina wa chama pesa za mwezi unaamini hatazila. Imani za namna hii tunazo kwa maelfu, na nyingi hatuzioni mpaka siku zinapovunjika.

Mimi huamini nilichojionea tu. Kuna ubaya?

Ubaya hakuna, ila si kweli. Tarehe yako ya kuzaliwa uliambiwa, ingawa ulikuwepo. Kwamba dunia hulizunguka jua, kwamba malaria huletwa na mbu, kwamba babu wa babu yako alihama kutoka pande fulani za Murang'a au Siaya, yote umeyapokea kwa watu. Daktari bingwa wa moyo naye huamini habari za figo kwa neno la mwenzake wa figo. Wala huu si udhaifu: anayekataa kila asichojionea hawezi hata kujifunza kusoma.

Lakini hatupokei ovyo. Watafiti wa saikolojia ya watoto wamewapima watoto wa miaka minne kwa njia nyepesi. Mtu mzima mmoja anaita vitu kwa majina yake. Mwingine anauita mpira kiatu. Kisha kinaletwa kitu ambacho mtoto hajawahi kukiona, na kila mmoja anakipa jina. Watoto humfuata yule aliyekuwa akisema sawasawa. Tangu utotoni, basi, tunampima msemaji kabla ya kulipima neno lake.

Ndiyo maana katika vikao vyetu tunarudia maswali matatu. Hapa ninamwamini nani? Yeye amejuaje? Na kama amekosea, kuna njia gani ya kosa lake kugundulika? Hilo la tatu ndilo watu husahau, na kwangu mimi ndilo zito kuliko mengine.

Ningezaliwa Lamu huenda ningekuwa Mwislamu. Basi dini yangu ni bahati ya mahali tu?

Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Uajemi mwaka 1058, aliona kwamba watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi wakiwa Wayahudi, na wa Waislamu wakiwa Waislamu. Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma kutafuta elimu yenye yakini, asiridhike na kurithi tu. Hakuishia kuacha dini. Aliishia kuwa mmoja wa wanachuoni wanaoheshimiwa mno katika Uislamu.

Mahali ulipopatia imani hapasemi kama ni ya kweli au ya uongo. Hata jedwali la kuzidisha ulilipata kwa sababu ulizaliwa penye shule. Kinachopaswa kuondoka ni majivuno. Katika sensa ya 2019, Wakenya wapatao 85 kati ya kila 100 walijitaja kuwa Wakristo na kama 11 Waislamu, na wengi wao waliipata dini walikoipata wewe: mikononi mwa wazazi.

Wanaobadili nao kwa kawaida hufuata watu. Katika miaka ya 1960 wanasosholojia John Lofland na Rodney Stark walifuatilia kikundi kidogo cha dini huko California. Waligundua kwamba mafundisho peke yake hayakutosha kuwaingiza watu. Waliojiunga walikuwa wale ambao urafiki wao na waumini ulikuwa umezidi urafiki walionao nje. Ukiwauliza wengi waliohamia kanisa jipya hapa Nairobi, watakutajia aliyewaalika kabla ya kukutajia fundisho. Hili si la kuwalaumu. Mtu aliyefika mjini bila jamaa, akakuta watu wanaomwita kwa jina na kumchangia matanga, amepata kitu cha kweli.

Sayansi nayo si dini nyingine tu? Wanasayansi si wanadamu?

Ni wanadamu kabisa, wenye kiburi, marafiki na wafadhili. Hapa Nairobi tuna mfano ambao kila kijana angefaa kuujua. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ilitangaza dawa ya UKIMWI iliyoitwa Kemron: dozi ndogo sana ya interferoni ya alfa (protini ambayo mwili hutumia kupambana na virusi), inayoyeyushwa mdomoni. Rais Moi mwenyewe aliitangaza kwa taifa. Ripoti zilisema wagonjwa walipata hamu ya kula na nguvu zikarudi. Wagonjwa walifunga safari kutoka ng'ambo kuja Nairobi kuitafuta, na wapo Wamarekani weusi walioona kwamba wakubwa wa tiba wa nchi za Magharibi wanaidharau kwa sababu tu imetoka Afrika.

Fikiria uzito wa imani hiyo. Ugonjwa ulikuwa hukumu ya kifo. Waliotangaza walikuwa wataalamu wetu, na fahari ilikuwa yetu. Kila kitu kilitusukuma kuamini.

Kasoro ilikuwa kwamba utafiti wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa kama hao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa wa UKIMWI huwa na wiki nzuri na wiki mbaya hata bila tiba, na anayeamini amepata dawa hula vizuri na kulala vizuri. Majaribio yenye kundi la kulinganisha yalipofanywa katika nchi kadhaa, yakiwemo yaliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, Kemron haikuonyesha faida.

Waliokosea walikuwa wanasayansi, na waliogundua kosa walikuwa wanasayansi pia. Hapo ndipo tofauti ilipo. Sayansi imejijengea njia ya kusema "tulikosea" na kumpa heshima anayeonyesha kosa, hata kama humheshimu kwa kuchelewa. Alfred Wegener alipendekeza mwaka 1912 kwamba mabara husogea, na wanajiolojia wengi wakambeza. Alikufa Greenland mwaka 1930 bila kukubaliwa. Katika miaka ya 1960, vipimo vya sakafu ya bahari vikamthibitisha. Ukisimama pale juu barabara inapoteremka kwenda Mai Mahiu, bonde unaloliona ni Afrika ikiendelea kupasuka, milimita chache kila mwaka.

Mbona basi wanabadilisha maneno kila mara? Leo mayai mabaya, kesho mayai mazuri.

Kwa sehemu ni sisi tunaosoma vichwa vya habari. Utafiti mmoja mdogo hutangazwa kama neno la mwisho, kisha mwingine ukija tunahisi tumedanganywa. Ngoja tafiti nyingi zielekee upande mmoja. Na jambo lililosimama kwa miongo mingi, kama vile vijidudu kuleta kipindupindu, usiliweke kapu moja na habari za mayai.

Naweza kuamini sayansi na Mungu kwa pamoja?

Wengi wameamini. Padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Mgongano upo pia, na Nairobi imeuona. Jumba la Makumbusho la Taifa lilipokuwa linajiandaa kufunguliwa upya, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga namna mabaki ya wahenga wa binadamu yatakavyoonyeshwa. Mojawapo ni mifupa ya yule mvulana wa Turkana, wa takriban miaka milioni moja na nusu. Kipande chake cha kwanza kilipatikana Nariokotome mwaka 1984, na jicho lililokiona lilikuwa la Mkenya, Kamoya Kimeu. Jumba lilifunguliwa mwaka 2008, na mifupa ipo kwa anayetaka kuitazama.

Maoni yangu ni kwamba wanafunzi wa shule za kanisa wapelekwe waione, na mwalimu wa dini aende nao. Imani inayohitaji mtoto asione kitu tayari inamwogopa mtoto huyo.

Inakuwaje kundi zima liamini jambo ambalo kila mmoja peke yake angelitilia shaka?

Machi 2020, kisa cha kwanza cha korona kikiwa kimetangazwa hivi karibuni, simu zililia usiku sehemu nyingi za nchi. Mtoto mchanga amezaliwa, ameongea, amesema watu wanywe chai ya strungi, isiyo na maziwa, wasiambukizwe. Watu waliamka wakawasha jiko.

Ukiipima habari hii mwenyewe, ni dhaifu. Lakini haikukufikia ukiwa mwenyewe. Aliyepiga ni shangazi, na shangazi hana sababu ya kukudanganya. Chai haigharimu kitu, ilhali ukipuuza na ikawa kweli utakuwa umepoteza watoto. Nje taa za majirani zinawaka, na kila taa inakuambia kwamba yule naye ameona kuna jambo. Yule naye anaitazama taa yako.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alionyesha mstari mmoja, kisha mitatu, na kuuliza upi unalingana na wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Ila wote chumbani isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa waseme jibu la uongo. Kama robo tatu ya waliopimwa walifuata kundi angalau mara moja, na kwa jumla karibu theluthi ya majibu yao yalifuata uongo. Wengine walieleza baadaye kwamba walijua si sawa, ila hawakutaka kuonekana wa ajabu. Wengine walianza kushuku macho yao wenyewe.

Sehemu ninayoipenda zaidi husimuliwa mara chache. Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli, ule ufuasi ulishuka sana. Hakuhitajika umati, alitosha mmoja. Kama uko kwenye mkutano wa chama na hesabu hazikuelei, sema. Pengine kuna watano wanaokungoja.

Jirani yangu alienda Loliondo mwaka 2011 na akapona. Utasema nini juu ya hilo?

Nitamsikiliza, na sitamwita mwongo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa shilingi 500 za huko. Foleni za magari zilikwenda kilomita nyingi, yakiwemo mengi ya kutoka Kenya. Bei ile yenyewe iliwafanya watu wamwamini: tapeli gani hutoza pesa ndogo hivyo?

Shida ya ushuhuda ni kwamba aliyepata nafuu anarudi mtaani kusimulia, na aliyezikwa hasimulii. Maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe, nasi hutafuta tiba yakiwa kileleni, kwa hiyo chochote tutakachokunywa wakati huo kitaonekana kimesaidia. Jirani yako anaweza kuwa anasema kweli kuhusu mwili wake na bado kikombe kisiwe ndicho kilichomponya. Wako walioacha dawa zao za kisukari na za virusi vya UKIMWI baada ya kunywa, na hao ndio wanaoniuma moyo.

Waliokufa Shakahola walikuwa wajinga?

Hapana, na ningeomba neno hilo lisitumike mbele ya jamaa zao. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Wengi wa walioshtakiwa walikana mashtaka. Ninachoweza kusema ni kuhusu njia ambayo makundi ya namna hii, popote duniani, humchukua mtu.

Hakuna anayeanza kwa kuambiwa afe njaa. Anaanza kwa mahubiri yanayogusa shida yake. Kisha anaambiwa shule ni mbaya, anawatoa watoto. Kisha hospitali. Kisha anauza shamba. Kila hatua ni ndogo ukiilinganisha na iliyotangulia, na kila hatua inapandisha gharama ya kurudi, maana kurudi ni kukiri kwamba watoto waliacha shule bure na shamba limekwenda bure. Mwisho anahamia mbali, simu inazimwa, na sauti ya yule mmoja wa Asch haiwezi kumfikia tena. Elimu haizuii mwendo huo. Inayouzuia ni dada anayeendelea kupiga simu hata baada ya kutukanwa.

Uvumi wa chanjo ulianzia wapi? Mimi bado sina hakika nao.

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walisema chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa ilitiwa homoni ya kuwafanya wanawake wasizae. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ilielezwa pia kwamba vifaa vilivyotumika kuipima mwanzoni vilitengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, si kwa chanjo. Ushahidi haukuthibitisha madai yale.

Ila ukitaka kumsaidia mama anayeogopa, anza kwa kukubali kwamba hofu yake haikutoka hewani. Kampeni ililenga wanawake wa miaka 14 hadi 49 peke yao, kwa sababu lengo lilikuwa kuwakinga watoto wachanga, lakini sababu hiyo haikuwafikia wote vizuri. Utafiti wa kuunganisha homoni hiyo na chanjo ya pepopunda kama njia ya kupanga uzazi ulikuwa umefanywa kweli nchini India katika miaka ya 1990, ukiwa mradi tofauti kabisa. Na mji huu una kumbukumbu ndefu zaidi. Enzi za mkoloni wakazi wa Pumwani walisimuliana habari za wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Hapakuwa na watu waliotolewa damu namna hiyo, lakini palikuwa na serikali iliyochukua ardhi, kazi na kodi bila kumuuliza mtu. Uvumi ulikosea jambo, haukukosea hisia. Asiyeuelewa uchungu huo atapaza sauti kuhusu takwimu na hatasikilizwa.

Mtu aliyesoma sana si rahisi kudanganywa, sivyo?

Jaribu hili. Namba 2, 4, 6 zinafuata kanuni niliyo nayo kichwani. Nitajie tatu zako nikuambie kama zinaifuata. Watu wengi husema 8, 10, 12. Ndiyo. Kisha 20, 22, 24. Ndiyo. Kisha wanatangaza kwa hakika: "Zinaongezeka kwa mbili!" Hapana. Kanuni ni namba zozote zinazopanda. Mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu London fumbo hili na kulichapisha mwaka 1960, na wengi walikwama kwa sababu walitaja tu namba walizotarajia kukubaliwa. Hawakuthubutu 1, 2, 3, wala 9, 5, 1.

Usomi huongeza uwezo wa kutafuta hoja. Kama tayari umechagua upande, utatafuta hoja za upande huo kwa ustadi zaidi. Utafiti wa Dan Kahan na wenzake uliwaonyesha Wamarekani wenye uwezo mkubwa wa hesabu wakizidi kugawanyika kwa mirengo ya siasa pale takwimu zilipogusa sheria za kubeba bunduki, ingawa takwimu zilezile, zikihusu dawa ya ngozi, walizisoma sawasawa. Sisi tunalijua hili kila baada ya miaka mitano, uchaguzi unapofika.

Ni kweli kwamba ukimpa mtu ukweli anazidi kukaza shingo?

Utafiti mmoja wa 2010 ulidokeza hivyo na ukapata umaarufu. Tafiti kubwa zilizofuata ziliona ni nadra. Kwa kawaida masahihisho husaidia kidogo, hata kama mtu hakubali papo hapo. Usikate tamaa.

Kundi ni hatari tu, au linaweza kutusaidia kufikiri?

Linasaidia, tena sana. Wason alikuwa na fumbo lingine la kadi ambalo mtu peke yake hulipata kama mara moja kwa kumi. Kundi dogo likiachwa lijadiliane, hulipata mara nyingi zaidi, wakati mwingine kama mara saba kwa kumi. Sisi ni hodari wa kuona kasoro katika hoja ya mwenzetu kuliko katika yetu, kwa hiyo baraza lenye uhuru wa kubishana hufikiri vizuri kuliko mwerevu mmoja chumbani.

Mfano ninaousimulia kila mahali ni wa matatu. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu za safari ndefu hapa Kenya stika zinazowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya, na wakaacha matatu nyingine bila stika ili walinganishe. Madai ya bima ya ajali yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili kwenye zile zenye stika. Abiria hawakufundishwa kwamba mwendo wa kasi huua, hilo walilijua. Walichopata ni ruhusa, na hakika kwamba wengine ndani ya gari wanafikiri kama wao. Baadaye wazo hilo likawa kampeni ya "Zusha!" nchini kote.

Mama yangu hufowadi kila kitu kwenye grupu ya familia. Nifanyeje?

Usimsahihishe mbele ya grupu. Ataona unamvunjia heshima mbele ya wakwe, na utetezi utakuwa wa heshima, si wa ile meseji. Mpigie. Mwulize, "Mama, hii umeipata kwa nani? Yeye ameijuaje?" Uliza kwa nia ya kujua. Mara nyingi ataitilia shaka mwenyewe kabla hujasema lolote.

Tena msifie anapouliza kabla ya kutuma. Ukimuonya mapema kuhusu mbinu, kwa mfano kwamba meseji za uongo hupenda kusema "tuma kwa watu kumi" na "daktari mmoja wa Kenyatta amesema", ataitambua inapokuja. Mwanasaikolojia William McGuire alianza kulichunguza wazo hilo la kuonya mapema katika miaka ya 1960, na majaribio ya karibuni yanaonyesha linafanya kazi kwa kiasi fulani.

Ni lini mazungumzo hayatoshi?

Pale watoto wanaponyimwa chakula, shule au hospitali, na pale mtu anapozuiwa kuondoka au kuongea na jamaa zake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa dini. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makao na huduma za afya, na hakisemi "isipokuwa mzazi akiamini vingine". Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, saa yoyote, au 999 kama maisha yamo hatarini sasa hivi. Eleza mahali kwa alama zinazojulikana, idadi ya watoto, na kama yupo aliyedhoofika. Huhitaji kuwa na ushahidi kamili, wala kutaja dini ya mtu.